Gastriti Iliyokuwa Moyo: Kisa cha Mama wa Bukavu, Digoksini na Bakteria wa Utumbo

Maelezo yanayoweza kumtambulisha mgonjwa, familia yake na vituo alivyopitia yameondolewa au kubadilishwa. Tutamwita Mama M.

Mgonjwa na dawa zake

Mama M. ana miaka hamsini na kitu na anauza sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni Bukavu, mashariki mwa Kongo. Tansio, yaani shinikizo la damu, imemwandama kwa muda mrefu. Kama wengi huku, alimeza dawa kichwa kilipomuuma na kuiacha kilipotulia. Miaka miwili kabla ya kisa hiki alilazwa miguu imevimba, pumzi inamkatika akipanda kwenda kwake, na Bukavu ni mji wa vilima, mpando hauna pa kuukwepa. Moyo ulikuwa umetanuka na kuishiwa nguvu. Vyumba vyake vya juu vilikuwa vinapapatika tu, kwa hiyo mapigo yake hayakuwa na mpangilio. Mtu wa namna hiyo ukimshika mkono utasikia pigo, pigo-pigo, kimya, pigo. Hivyo ndivyo alivyokuwa kila alipokuja kliniki, na kadi yake ilisema hivyo: "84, hayana mpangilio."

Alikuwa akimeza kaptoprili ya shinikizo la damu, aspirini, furosemidi (dawa ya kukojoza) miligramu 40 na digoksini miligramu 0.25 siku tano kwa juma. Jumamosi na Jumapili alipumzika, mtindo tuliorithi kutoka shule ya Kifaransa na ambao bado uko kwenye vichwa vya waganga wengi wa Kongo. Kipimo hicho kilikuwa kikubwa kwa mwanamke asiyefika kilo 50. Hakuna aliyekigusa kwa kuwa alikuwa anaendelea vizuri.

Digoksini ni dawa kongwe inayotokana na mmea wa digitali. Humpunguzia kasi mtu ambaye moyo wake unakimbia ovyo, na huupa msuli nguvu kidogo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1997, wenye wagonjwa 6,800 wa kushindwa kwa moyo, ulionyesha kwamba haipunguzi vifo, ingawa inapunguza kulazwa hospitalini. Uchambuzi uliofuata wa takwimu hizohizo ulionyesha kwamba waliokuwa na kiwango kidogo cha dawa kwenye damu walifanya vizuri kuliko waliokuwa nacho kingi. Kati ya dozi inayosaidia na dozi inayoua pana nafasi finyu sana, na kisa chote hiki kimetokea ndani ya nafasi hiyo.

Tumbo linaanza kulalamika

Malalamiko yalianza polepole. Mama M. alikula matonge mawili ya bugali akashiba. Tumbo lilijaa hewa, na chini ya mbavu za kulia palikuwa na uzito, wakati mwingine maumivu. Jirani alimwambia ni gastriti. Bukavu neno hilo hubeba kila kitu kilicho kati ya kifua na kitovu.

Alikwenda kituo cha afya cha mtaani. Wakampima damu kutafuta kingamwili za Helicobacter pylori, bakteria anayeishi tumboni, kipimo kikawa chanya, na akaandikiwa dawa tatu za siku kumi na nne: omeprazoli, amoksisilini na klaritromisini. Hakuulizwa anameza nini kingine. Naye hakusema. Kwake zile za moyo zilikuwa "dawa zangu za kila siku", hazikuwa habari ya kumpa mtu anayetibu tumbo.

Siku ya nne ya matibabu kichefuchefu kilianza, na siku ya sita alikuwa anatapika. Alirudi kituoni akaambiwa, "Ile dawa iko na nguvu, itakutapisha kidogo, endelea tu." Maneno hayo si ya ajabu, klaritromisini huchafua tumbo kweli, na mtoa huduma alitaka mgonjwa amalize dozi. Kisha likaja tumbo la kuendesha, na furosemidi bado inamezwa kila asubuhi.

Siku ya nane familia iligawanyika. Shangazi alisema ni karuho. Kwa msomaji wa mbali: karuho ni sumu ya polepole ambayo Kivu Kusini watu huamini mtu hutiliwa kwenye chakula au kinywaji, na mama wa sokoni mwenye biashara inayokwenda ana wa kumwonea wivu. Akapelekwa kwa mtaalamu wa mitishamba, akapewa ya kunywa ili atapike sumu. Akatapika. Siku ya kumi alianguka akielekea chooni.

Alivyofika kwetu

Binti yake alikuja na mfuko mweusi wa plastiki wenye kila kidonge kilichokuwa nyumbani: maganda mazima, nusu, hata yaliyokwisha. Kabla hatujaufungua alitaja jambo moja lililomkera, akilitaja kama mtu anayesimulia ukaidi wa mgonjwa:

"Dokta, mama anakataa kula. Anasema tunamutilia mawese mu bugali. Na bugali iko nyeupe!"

Mama M. alikuwa ameona bugali ya njano. Tulimwonyesha shuka la kitanda, akasema lina rangi ya mafuta. William Withering, daktari wa Uingereza aliyeiingiza digitali katika tiba mwaka 1785, aliorodhesha madhara ya dozi kubwa: kutapika, kuharisha, kizunguzungu, kuona vitu vya kijani na njano, na mapigo kushuka hata 35 kwa dakika. Karibu orodha nzima ilikuwa imelala mbele yetu.

Shinikizo la damu lilikuwa 95 kwa 60, ulimi mkavu, miguu haina uvimbe. Mapigo yalikuwa 38. Muuguzi aliyeyahesabu aliandika "38, yana mpangilio mzuri", na mwanafunzi aliyekuwa zamu akaona angalau hilo ni jema. Hapana. Mtu ambaye vyumba vya juu vya moyo wake vinapapatika hapaswi kuwa na mpangilio. Mapigo yake yakianza kwenda sawasawa na polepole, maana yake ni kwamba umeme wa juu haupiti tena kwenda chini, na sehemu ya chini imeamua kujipigia yenyewe kwa mwendo wake mdogo. Ndiyo ishara ya digoksini iliyozidi ambayo nisingependa mwanafunzi yeyote aondoke wodini bila kuijua, maana inahitaji vidole vitatu na saa ya mkononi tu. Kipimo cha umeme wa moyo kilithibitisha, pamoja na mapigo machache ya ziada kutoka chini.

Maabara ilitupa potasiamu 2.9, ambayo ni chini, na kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, 1.9, wakati mwaka mmoja nyuma kreatinini ilikuwa 1.1. Kiwango cha digoksini kwenye damu hatukuwa na namna ya kukipima. Utambuzi ulisimama juu ya rangi ya njano, mapigo, karatasi ya umeme wa moyo na ule mfuko mweusi.

Maamuzi ya usiku ule

Digoksini, klaritromisini na omeprazoli zilisimamishwa palepale. Furosemidi na kaptoprili nazo zilipumzishwa: mwili ulikuwa umekauka na figo zinalalamika, na digoksini hutoka mwilini hasa kwa njia ya figo.

Kingamwili za kunasa digoksini, ambazo ndizo tiba yenyewe, hatukuwa nazo, wala kifaa cha kuusukuma moyo kwa umeme kupitia mshipa. Tulitoa atropini, dawa ya kuharakisha mapigo, miligramu 0.5. Mapigo yalipanda hadi 52, yakashuka, tukarudia. Maji ya chumvi yalitolewa kidogo na polepole, tukisikiliza mapafu kila baada ya muda. Moyo dhaifu haujazwi kama moyo mzima.

Potasiamu ilituletea mabishano. Ikiwa chini, digoksini hushika moyo kwa nguvu zaidi, kwa hiyo ilipaswa kupandishwa. Lakini ikipanda ghafla, huzidisha kuziba kwa njia ya umeme ambako tayari kulikuwapo. Tuliamua kuitoa kwa dripu bila kuvuka milimoli 10 kwa saa, na kupima tena kabla ya chupa ya pili. Mwenzangu mmoja alitaka magnesiamu pia, kwa sababu furosemidi na kuharisha huishusha. Tuliiacha usiku ule: nayo hupunguza mwendo wa umeme, na mapigo 38 hayana pa kupungukia. Kama angepata mapigo hatari ya kasi kutoka chini, tungeitoa bila mjadala.

Unga wa mkaa tuliufikiria pia. Sehemu ya digoksini hurudi ndani ya utumbo, na mkaa unaweza kuinasa huko. Ila mgonjwa alikuwa anatapika na amelegea, na mkaa ukiingia mapafuni ni balaa jingine. Hatukumpa.

Matokeo

Siku ya pili kutapika kulikoma. Siku ya tatu shuka likawa jeupe. Siku ya nne muuguzi aliandika "72, hayana mpangilio", na kwa mara moja tukaifurahia sentensi hiyo. Potasiamu ilifika 3.9, kreatinini ikaanza kushuka.

Kisha likaja jambo lililokamilisha picha. Maji yaliporudi mwilini na furosemidi bado imesimama, mishipa ya shingo ilipanda, na ini likaonekana vidole vitatu chini ya mbavu. Nilipolibonyeza Mama M. alishika mkono wangu: "Hapa ndipo panauma tangu mwanzo." Picha ya mawimbi ya sauti ilionyesha ini kubwa lenye mishipa iliyotanuka. Gastriti yake ilikuwa damu iliyorudi nyuma, ikajaa kwenye ini na kwenye kuta za utumbo, kwa sababu moyo haukuweza kuisukuma mbele. Tulirudisha furosemidi kwa dozi kubwa kidogo kuliko ya awali. Ndani ya siku chache alimaliza sahani ya bugali na sombe, majani ya muhogo.

Digoksini hatukuirudisha. Kazi ya kupunguza mwendo wa moyo tuliiachia dawa nyingine, karvediloli, kwa dozi ndogo, baada ya mapigo kutulia kabisa, na kaptoprili ikarejea kreatinini iliposhuka. Wiki kadhaa baadaye, akiwa hajagusa tena antibiotiki wala omeprazoli, kipimo cha choo cha kutafuta Helicobacter kilirudi hasi.

Uchambuzi: utumbo ulivyouingilia moyo

Siku hizi habari za utumbo na moyo ziko kila mahali, na nyingi huanzia kwenye nyama na kuishia kwenye yoguti. Kisa hiki kina utumbo ndani yake karibu kila hatua, lakini kwa njia nyingine, na naamini hizo njia nyingine ndizo zitakazoamua nani anakufa na nani anapona katika wodi zetu.

Njia ya kwanza inaanzia kwenye moyo wenyewe. Moyo unaposhindwa, ukuta wa utumbo huvimba maji. Vipimo vya wagonjwa wa Ulaya vimeonyesha ukuta mnene kuliko kawaida na unaopitisha vitu ambavyo ulipaswa kuvizuia. Utafiti wa mwaka 1999 uliwakuta wagonjwa waliovimba na sumu nyingi zaidi ya bakteria kwenye damu, na ilipungua walipopewa dawa ya kukojoza. Kwa mgonjwa hayo yote huja kama kushiba upesi, gesi, kichefuchefu na uzito chini ya mbavu. Ndiyo maana mgonjwa wa moyo anayelalamikia tumbo apimwe uzito na aangaliwe shingo kabla hajachomwa kidole.

Na kile kipimo cha kingamwili kilikuwa na thamani ndogo mno. Barani Afrika takriban 70% ya watu wamebeba Helicobacter, na kingamwili hubaki hata bakteria akishaondoka. Ukiwapima wauza sambaza wote wa soko lile utapata chanya wengi kuliko hasi. Aspirini nayo ingeweza kumchoma tumbo, na hakuna aliyeitaja.

Njia ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Mwaka 1981 kundi la mtafiti John Lindenbaum huko New York lilionyesha kwamba kwa mtu mmoja hivi kati ya kumi wanaomeza digoksini, bakteria wa utumbo huigeuza sehemu kubwa ya dawa kuwa kitu kisicho na nguvu kabla haijafika kwenye damu. Watu hao walipopewa erithromisini au tetrasiklini, ugeuzaji ulikoma, na kwa baadhi kiwango cha digoksini kikaongezeka maradufu bila kidonge kuongezwa. Bakteria mwenyewe alitambuliwa, leo anaitwa Eggerthella lenta. Mwaka 2013 kundi la Peter Turnbaugh lilionyesha jeni anazotumia kuimeng'enya dawa hiyo, na kwamba akipata arjinini nyingi, ambayo ni sehemu ya protini, huiacha digoksini bila kuigusa. Chakula, bakteria na kidonge cha moyo vinakutana mahali pamoja.

Mtu aliyezoea dozi kubwa kwa miaka miwili bila shida huenda alikuwa na wenzake hao wanaomlia sehemu ya dawa. Ukiwaua, dozi ileile inakuwa nyingine.

Lakini klaritromisini ina kosa la pili, kubwa zaidi, na ni haki lisemwe. Huziba pampu iitwayo P-glikoproteini, ambayo kwenye ukuta wa utumbo huirudisha digoksini nje na kwenye figo huitoa kwa mkojo. Watafiti wa Ontario, Kanada, walichapisha mwaka 2009 kwamba wazee wanaotumia digoksini walipopewa klaritromisini, hatari ya kulazwa kwa sumu ya digoksini iliongezeka takriban mara 15. Kwa erithromisini na azithromisini iliongezeka karibu mara nne. Kwa Mama M. naiona pampu kama mtuhumiwa wa kwanza na bakteria kama wa pili. Choo chake hakikuoteshwa. Kwa anayeandika dawa haibadilishi kitu, njia zote mbili zinapita utumboni. Azithromisini nayo isisahaulike: ndiyo watu wanayojinunulia farmasi kwa kikohozi cha siku mbili.

Njia ya tatu ni ya kawaida kiasi kwamba huachwa: potasiamu. Kuharisha, kutapika, dawa ya mitishamba ya kutapisha na furosemidi, vyote vilivuta upande mmoja. Alipoacha kula, ndizi na maharagi vilivyokuwa vikimrudishia potasiamu navyo vikaondoka.

Na zile habari za nyama? Zina msingi. Bakteria wa utumbo hugeuza kolini ya mayai na maini, na karnitini ya nyama nyekundu, kuwa kemikali ambayo ini huimalizia kuwa TMAO. Kundi la Stanley Hazen huko Cleveland liliwafuatilia watu 4,007 kwa miaka mitatu na kuchapisha mwaka 2013 kwamba waliokuwa na TMAO nyingi walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo mara nyingi zaidi. Ila TMAO hutolewa na figo, na figo mbovu peke yake huipandisha, kwa hiyo bado kuna ubishi nani anasababisha nini. Kwa mama ambaye nyama anaiona siku ya harusi, sitaanzia hapo. Sombe, lengalenga na maharagi ambayo tayari anakula vinawapa bakteria nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi hushusha kolesteroli. Cha kupunguza kwake ni chumvi, hasa ile ya sambaza kavu anazouza na kula.

Binti aliuliza kama anunue zile kapsuli za chachu, Saccharomyces boulardii, "zirekebishe tumbo ili moyo upone". Zilijaribiwa Norway na Brazili katika utafiti wa wagonjwa 151 wa kushindwa kwa moyo, na matokeo yalichapishwa mwaka 2021: baada ya miezi mitatu nguvu ya moyo haikubadilika ukilinganisha na wasiozitumia. Tulimwambia fedha hiyo inunue furosemidi. Mashanza, yaani maziwa ya mgando, mama anaweza kunywa kwa kuwa anayapenda.

Kilichofaa na kilichokwama

Mfuko mweusi ulifaa kuliko chombo chochote tulichokuwa nacho. Tangu hapo mlezi wa mgonjwa wa moyo akija mikono mitupu tunamrudisha nyumbani akalete maganda, hata kama ni mbali na mvua inanyesha. Malalamiko ya binti kuhusu mawese nayo yalifaa kwa sababu hayakukatizwa. Wodini mara nyingi tunamkata mlezi sentensi ya pili.

Kituo cha afya kilifuata karatasi yake ya gastriti, na karatasi hiyo haina mstari wa kuuliza dawa nyingine. Kila dalili mpya ilipata jibu jipya juu ya lililotangulia, na hakuna aliyesimama akauliza kama jibu la jana ndilo dalili ya leo. Lakini nisiwatwishe wao peke yao. Dozi ya 0.25 kwa mwanamke mdogo wa mwili ilisainiwa kliniki ya moyo, ikasainiwa tena na tena. Na mtaalamu wa mitishamba alipewa mgonjwa anayetapika bila kuambiwa lolote. Shangazi alipoulizwa kwa upole alisema hakuna aliyewaeleza kwamba dawa za moyo zinaweza kutapisha. Ni kweli. Kadi yake haikuwa na neno hilo popote.

Yaliyobaki mezani

Mama M. anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, maana moyo unaopapatika hutengeneza mabonge ya damu yanayoruka hadi kwenye ubongo, na aspirini haitoshi kwa kazi hiyo. Warfarini ni nafuu, lakini inadai kupimwa damu mara kwa mara, na antibiotiki nyingi huivuruga, metronidazoli ikiwa miongoni mwa wabaya zaidi. Hiyo metronidazoli ndiyo wodi nyingi huikimbilia klaritromisini ikikataliwa. Apiksabani haidai kupimwa hivyo, ila bei yake kwa mwezi inazidi anachobaki nacho baada ya kulipia meza ya soko. Familia imeomba muda wa kuongea na ndugu walio Uvira. Mpaka wapate jibu, kwenye kadi yake tumeandika kwa wino mwekundu, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwamba antibiotiki yoyote ianzishwe baada ya kutupigia simu.